Swali ni la Nani? Vyuo Vikuu, Wafadhili na Ziwa Tanganyika



Ushirikiano wa vyuo vikuu huzungumzwa mara nyingi kwa kuhesabu hati za makubaliano. Wakuu wanatia saini, wanapigwa picha, ukumbi unapiga makofi. Leo naomba tuupime kwa ziwa hili la Tanganyika, maana mwambao huu umepokea watafiti kabla nchi yetu haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakiongozwa na watu walioijua njia tangu zamani. Wengi wamewafuata. Hoja yangu ni fupi: ushirikiano uliodumu hapa ni ule ulioiweka kazi ya kila siku mikononi mwa wenyeji, lakini hata huo haujatupa nafasi ya kuchagua swali la kuchunguzwa. Hapo ndipo penye deni.

Tuanze na Gombe, msitu wa sokwe kwenye mwambao huu. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Kongo, wakaivamia kambi ya watafiti na kuwateka vijana wanne, watatu kati yao wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Hatimaye wote waliachiwa, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Utafiti haukusimama. Wasaidizi wa utafiti Watanzania, akina Hilali Matama na Eslom Mpongo, walikwisha kufundishwa kumfuata sokwe tangu anapotoka kwenye kiota alfajiri hadi anapojenga kingine jioni, wakiandika kala nini, kakutana na nani, kapigana na nani. Waliandika kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya ushahidi wa vita vya makundi mawili ya sokwe vya 1974 hadi 1978, vilivyoishangaza dunia, ilishuhudiwa na wao. Kumbukumbu za Gombe baadaye zilikwenda kutunzwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke, na tasnifu nyingi zikaandikwa kutokana nazo huko Marekani.

Kusini, kwenye milima ya Mahale, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi mwaka 1965 akisaidiwa na Watongwe walioujua msitu. Miaka 20 baadaye eneo hilo likawa hifadhi ya taifa, na Wajapani wanarudi mpaka leo. Uvumilivu wa namna hiyo ni adimu katika ulimwengu wa miradi ya miaka mitatu.

Sasa tuingie majini. Januari 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Finland walianzisha mradi wa utafiti wa ziwa, Chuo Kikuu cha Kuopio kikiongoza upande wa sayansi, na vituo vikawekwa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Mpulungu. Meli ya Tanganyika Explorer ilizunguka ziwa zima. Mwaka 1998 ukaja mradi wa Nyanza wa Chuo Kikuu cha Arizona, uliowaleta wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kufanya utafiti pamoja hapa Kigoma. Haya ni mema, tuyashukuru.

Mwaka 2003 majarida mawili makubwa, Nature na Science, yalichapisha makala kuhusu joto la ziwa hili. Maelezo yake mvuvi yeyote anayafahamu akielezwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na rutuba yake imelala chini kusikokuwa na oksijeni. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa Mpulungu, kusini mwa ziwa, maji baridi yenye rutuba huinuka. Mwani hustawi, wadudu wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, mgebuka hula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Makala ya Nature ilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wanaweza kupungua kwa asilimia 30.

Ukisoma majina ya waandishi wa makala hizo mbili, hukuti la Mtanzania hata mmoja. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia. Usimamizi ulikuwa wetu, maarifa yakawa ya wengine.

Jambo hili si la heshima tu. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisitishwa ziwani kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Chanja za mialo ya Kibirizi na Katonga hazikuwa na dagaa wa kuanika. Mvuvi ana haki ya kuuliza: samaki wamepunguzwa na nyavu zangu au na joto? Kama ni nyavu, kufunga kutasaidia. Kama ni joto, kufunga peke yake hakutoshi. Jibu linahitaji vipimo vya miaka mingi mfululizo, visivyokatika mfadhili anapofunga mkoba.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaingie katika kila hati. Kwanza, swali liandikwe hapa, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), wavuvi na halmashauri wakiwa mezani, kabla bajeti haijapangwa. Pili, nakala kamili ya takwimu ibaki Kigoma, mahali mwanafunzi anapoweza kuifungua. Tatu, fedha za vipuri, mafuta ya boti na mishahara ya mafundi zitengwe kwa miaka inayofuata baada ya mradi kwisha, na serikali yetu ichangie.

Nafasi ya kuanza ipo: Mkoa huu wa Kigoma sasa unapata kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mkopo hulipwa, na watakaoulipa ni sisi. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Vijana mlioko hapa, msisubiri kuitwa kubeba chupa za sampuli. Andikeni maswali yenu, kisha tuwaalike wageni waje tuyajibu pamoja.