Kununua Ekzosi ya Pikapu Bila Kupoteza Nguvu ya Injini

(Maelezo kwa wamiliki na madereva wa pikapu za kubeba mizigo, Temeke na Kinondoni)



Tunawashukuru kwa kuegesha magari na kutusikiliza, tukijua kwamba kwa wengi wenu gari lililosimama ni fedha iliyopotea. Tumechagua kuzungumzia ekzosi kwa sababu ni kifaa ambacho watu hukinunua kwa masikio. Gari linawashwa, mlio unatoka mzito, na mnunuzi anaamini kwamba injini imeongezewa nguvu. Siku chache baadaye gari lile lile, likiwa na shehena ya matofali kutoka Bunju au mbao za kupeleka Chamazi, linaomba gia ya pili mahali ambapo zamani lilipita kwa gia ya tatu. Mafuta yanaongezeka, safari zinapungua, na marejesho ya mkopo wa gari hayasubiri.

Tuanze na kazi ya ekzosi yenyewe. Moshi unapotoka kwa kasi katika silinda moja, huacha nyuma yake mvuto mdogo unaosaidia kunyonya moshi wa silinda inayofuata. Silinda iliyosafishwa vizuri hupokea hewa mpya nyingi zaidi, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Bomba likiwa jembamba mno, moshi hurundikana na kuisonga injini. Likiwa pana mno, moshi hupoteza kasi na mvuto ule hudhoofika, hasa injini inapozunguka taratibu. Mtasikia katika gereji kwamba injini lazima ibanwe kidogo ndipo ivute. Kauli hiyo imezoeleka, lakini haielezi jambo lenyewe. Injini haihitaji kizuizi chochote. Inahitaji moshi wake uende kwa kasi.

Hesabu ndogo inasaidia hapa. Mtu akiambiwa atolewe bomba la inchi 2 na kuwekewa la inchi 3, hudhani ameongezewa nusu. Sivyo. Tundu la bomba hukua kwa mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo bomba la inchi 3 lina nafasi mara 2 na robo ya lile la inchi 2. Moshi ule ule, katika nafasi hiyo, hupita kwa chini ya nusu ya kasi ya awali.

Wanaoumia zaidi kwa kosa hili ni wenye kirikuu. Suzuki Carry nyingi zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika zina injini ya sentimita za ujazo 660, ukomo uliowekwa huko kwa magari ya daraja hilo tangu mwaka 1990. Ni injini ya silinda tatu ambazo ujazo wake wote haufiki chupa ya maji ya lita moja. Kuifungia bomba pana, lililokusudiwa gari la lita mbili au tatu, ni kuivika kanzu ya babu mtoto wa chekechea. Ushauri wetu kwa kirikuu ni mfupi: rudishia kipenyo kile kile kilichotoka kiwandani. Ekzosi ya mtumba iliyotoka katika gari la aina hiyo hiyo, ikiwa haijaliwa na kutu, mara nyingi ni chaguo bora kuliko mpya ya kuunganishwa vipande mtaani, hata kama haing'ai.

Kwa Hilux na pikapu nyingine kubwa, jibu linategemea aina ya injini. Tazama namba ya injini katika kadi ya gari. Kwa magari ya Toyota, kwa kawaida huanza na jina la injini. Injini ya 5L, dizeli ya takriban lita 3 isiyo na turbo, inafuata kanuni tuliyoieleza: upana wa kiwandani, au zaidi kidogo tu. Injini ya 2KD, dizeli ya lita 2.5 yenye turbo, ni habari tofauti. Turbo huzungushwa na moshi, na bomba lililo baada yake likipanuliwa kiasi, kazi yake huwa nyepesi. Hata hivyo, kompyuta ya injini inaendelea kupima dizeli kwa mpango wa kiwandani, hivyo ongezeko la nguvu ni dogo kuliko linavyotangazwa. Sehemu iliyo kati ya injini na turbo isiguswe.

Kabla ya kununua chochote, tafadhali hakikisheni kwamba ekzosi ndiyo mgonjwa. Gari linaweza kukosa nguvu kwa sababu ya chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu za pembezoni, au chujio la dizeli lililoziba. Gari la petroli lenye sensa ya oksijeni linaweza kupimwa: fundi huifungua sensa hiyo, huweka geji ya mgandamizo mahali pake, kisha huipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Mafundi wengi huchukulia kwamba geji ikizidi psi 3, kuna kizuizi mbele. Kipimo hiki huchukua muda mfupi, na fundi asiyetaka kukifanya wala kupendekeza kingine atakuwa anabahatisha kwa fedha yako.

Kizuizi kikipatikana, mara nyingi huwa katika kisafisha moshi, ambacho wengi hukiita masega. Hapa tunaomba usikivu wenu. Masega yaliyoziba au kuyeyuka hupunguza nguvu kweli, na yanastahili kubadilishwa. Masega mazima hayazuii moshi kwa kiasi ambacho dereva wa mizigo angekihisi, na kuyatoa ni kuwapulizia sumu majirani, wateja na abiria wa bodaboda waliosimama nyuma yako kwenye foleni ya Mbagala. Kuna jambo jingine ambalo halitajwi wakati wa kuyatoa: ndani yake yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo yana soko kubwa duniani. Fundi anayejitolea kufanya kazi bure kwa sharti kwamba kifaa cha zamani kibaki kwake hana ukarimu mwingi kiasi hicho. Kifaa kilichotolewa katika gari lako ni mali yako, ondoka nacho.

Kuhusu utengenezaji, pitisha mkono kwenye kona za bomba. Kona iliyobonyea hupunguza tundu, hivyo bomba linalouzwa kama la inchi 2 linaweza kuwa dogo zaidi pale linapopinda. Chungulia ndani kwenye maungio uone kama chuma cha kuchomelea kimevimba kuelekea ndani. Muuzaji akidai ni chuma kisichoshika kutu, sumaku pekee haitoshi kumhukumu, kwani daraja la 409, linalotumika sana katika ekzosi, hushikwa na sumaku, ilhali la 304 kwa kawaida halishikwi. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, tofauti ya bei ya chuma hicho inaweza kujilipa, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi.

Wakati wa kuchomelea, mwambie fundi achomoe waya wa betri ili kompyuta isidhurike. Kazi ikiisha, gari likiwa linaunguruma, sikilizeni kama kuna mvujo. Ukiwa karibu na sensa ya oksijeni, huingiza hewa, sensa hudanganyika na injini huongezewa petroli bila sababu. Kwa kirikuu mvujo ni hatari zaidi, maana injini iko chini ya viti vya mbele. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na dereva anayeumwa kichwa kila jioni huenda hasumbuliwi na jua.

Kisha lijaribuni gari kwa mzigo. Mzigo ule ule, kilima kile kile, kabla na baada. Wanaopanda kwenda Kisarawe kupitia Pugu wana uwanja mzuri wa jaribio hilo. Mlio wa gari tupu mbele ya duka hauthibitishi kitu, na kelele zenyewe zinadhibitiwa na kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Mwisho ni karatasi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa. Muuzaji akikuahidi nguvu zaidi au mafuta kidogo, mwombe aandike maneno hayo, pamoja na kipenyo, aina ya chuma na kama kifaa ni kipya au cha mtumba, kisha udai risiti ya EFD. Ahadi isipotimia, rudi kwake kwanza ukiwa na maandishi hayo. Akikataa kukusikiliza, yalete kwetu Tume ya Ushindani, na ekzosi yenyewe usiitupe.