MWAKA WA 1441

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao katika kuukaribisha mwezi wa Muharram

 

Waarabu wa zamani, kabla haijawekwa hesabu ya Hijra, waliipa miaka majina badala ya namba. Uko Mwaka wa Tembo, unaojulikana na kila mtoto wa chuoni. Hata baada ya kuja Uislamu desturi ile haikufa. Mwaka ambao Mtume alifiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib uliitwa Mwaka wa Huzuni. Na mwaka wa 18 wa Hijra, mvua ilipokatika Bara Arabu hata upepo ukawa unapeperusha vumbi mfano wa jivu, uliitwa Mwaka wa Majivu. Watu wa Rwanda nao walikuwa na ada hiyohiyo. Njaa iliyoshika nchi mwaka 1943 na 1944 iliitwa Ruzagayura, na wazee wengi waliujua umri wao kwa kuitaja njaa hiyo, kwani cheti cha kuzaliwa hawakuwa nacho.

Lau ada hiyo ingalikuwako bado, mwaka wa 1441 usingalikosa jina. Ulianza mwishoni mwa Agosti 2019, ukaisha tarehe 19 Agosti 2020, na ndani yake kila mwezi uliandama pamoja na msiba wake. Miaka kadhaa imekwisha kupita, na watu wamepata nafasi ya kuutazama kwa utulivu. Ni vizuri kuutazama, maana wakati ule hapakuwa na utulivu hata kidogo. Khabari moja ilikuwa haijamezwa, nyingine imekwisha kuletwa mezani.

Khabari za kwanza zilihusu moto na maji. Misitu ya Australia iliwaka kwa miezi, na moshi wake ukavuka bahari. Wakati huohuo Afrika ya Mashariki ilipata mvua za vuli zilizopita kiasi, mito ikafurika, na milima ikaporomoka juu ya nyumba za watu. Mtu aliyezisikia khabari hizi mbili, moja ya ukame na moja ya gharika, alidhani kwamba dunia imeharibika huku na huku bila mpango. Kumbe asili yake ilikuwa moja. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, na upande wa Indonesia na Australia yalikuwa yamepoa. Basi mawingu yakaegemea huku, na kule wakabaki na jua tupu. Hali hiyo hutokea mara kwa mara, lakini ya mwisho wa 2019 ilikuwa na nguvu ambayo haikuonekana kwa muda wa miongo mingi.

Nzige nao walinufaika na mvua hizo. Lakini mwanzo wao ni wa nyuma zaidi. Mwaka 2018 tufani mbili, ya Mei na ya Oktoba, zilimwaga maji katika jangwa la Rubu al-Khali, mahali pasipokaa watu, na majani yakaota pasipo na mchungaji wa kuyaona. Nzige wakazaana vizazi kwa vizazi, wakavuka Yemen, ambako vita vilikuwa vimewazuia watu kuwapiga dawa, wakaingia Somalia na Uhabeshi. Mwisho wa Disemba 2019 waliingia Kenya, na Februari 2020 wakafika Uganda. Wenye ujuzi wanasema kundi linalofunika kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Msiba huu ulikaa mwaka mzima na zaidi bila kuwa khabari, kwa kuwa hapakuwa na mtu jangwani wa kuupeleka.

Kisha likaja lile lililofunika yote. Tarehe 31 Disemba 2019 ilitolewa khabari ya ugonjwa wa mapafu katika mji wa Wuhan, huko Uchina. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitamka kuwa maradhi yameenea duniani. Siku tatu baadaye alionekana mgonjwa wa kwanza katika Rwanda, na usiku wa tarehe 21 Machi nchi ikafungwa. Mpaka 1441 unakwisha, waliohesabiwa kufa kwa korona walikuwa wamepita laki saba ulimwenguni. Na katikati ya hayo zilipenya khabari nyingine ambazo mwaka mwingine zingalitosha peke yake: ndege ya abiria iliyotunguliwa karibu na Tehran mwezi wa Januari, ikauawa roho 176, George Floyd aliyekufa chini ya goti la askari huko Minneapolis tarehe 25 Mei, siku moja tu baada ya Idi, na bandari ya Beirut, tarehe 4 Agosti, ambako tani 2,750 za chumvi ya mbolea zilizosahauliwa ghalani miaka sita zililipuka na kuua watu zaidi ya 200.

Lakini kwa Waislamu hapana khabari iliyochoma kama ile ya Makka. Mwisho wa Februari mahujaji wa Umra kutoka nje walizuiliwa, na siku chache baadaye watu waliona picha ya Alkaaba bila mtu wa kutufu. Hija ya 1440 ilikuwa imehudhuriwa na watu wapatao milioni mbili na nusu. Ya 1441 ilihudhuriwa na kiasi cha watu elfu moja, wote waliokuwa wakikaa ndani ya Saudia. Wako wazee waliokuwa wamekusanya fedha za safari ile kwa miaka ishirini, nao wamekufa bila ya kwenda.

Misikiti ya Nyamirambo na Biryogo ilifungwa pia, kama mingine yote. Hapo ndipo maneno yalipozidi. Wako waliosema kuwa kufunga msikiti kwa khofu ya maradhi ni udhaifu wa imani, na kwamba ajali haizuiliwi na mlango. Walisema hayo kwa ikhlasi. Si haki kuwacheka. Lakini jambo hilo lilikwisha kuamuliwa kabla ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, na aliyeliamua hakuwa mtu dhaifu.

Sayyidna Omar bin Khattab alitoka Madina kwenda Sham akiwa pamoja na sahaba wengi. Alipofika Sargh alikutana na majemadari wa jeshi, wakampa khabari kuwa Sham imeingia tauni. Hakuharakisha kusema lolote. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakakubaliana wote kwamba arudi na watu. Abu Ubayda bin Jarrah, amiri wa Sham, hakupendezwa, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar alimjibu kwa mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame: popote atakapolisha, hatoki katika kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo mwanzo, akaeleza kuwa alimsikia Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza aliyemo kuikimbia. Omar akamshukuru Mungu, akarudi.

Katika kisa hiki watu hupenda kutaja ule mfano wa bonde, nao ni mzuri. Lakini iko haja ya kutazama kwamba khalifa, alipopata khabari mbaya, alitafuta makundi matatu ya watu wa kuijua, na mwisho ilipopatikana elimu aliifuata. Hakuipeleka mbele kabla ya kuipima.

Katika 1441 kila mtu alikuwa na Sargh yake mfukoni, ndani ya simu, na wachache walisimama kushauriana. Mtu alimaliza tarawehe nyumbani peke yake, akalala na simu usoni mpaka daku, akisoma idadi ya maiti wa miji ambayo hajui iko upande gani wa dunia. Asubuhi aliamka amechoka, naye hakumsaidia maiti hata mmoja. Hayo ni madogo. Makubwa ni kwamba khabari zenyewe ziliua. Huko Iran ilienea kuwa pombe huua virusi mwilini; mamia ya watu wakanywa spiriti ya sumu, wakafa, na wengine wakapofuka, katika nchi ambayo pombe imeharimishwa. Huko Uingereza watu walichoma minara ya simu kwa kuambiwa kuwa ndiyo iletayo ugonjwa.

Kwa watu wa Rwanda jambo hilo si geni. Katika nchi hii iliwahi kuwako redio iliyosema na watu mchana na usiku, kuanzia Julai 1993, ikawaita wenzao mende, na mwaka 1994 ikataja majina na mahali pa kuwatafuta. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifanywa kwa panga na rungu, lakini yalitanguliwa na khabari. Katika Biryogo na mitaa jirani wako Waislamu waliosikia yote hayo wakafunga masikio, wakaficha watu darini na nyuma ya misikiti, na wengine wakafa kwa sababu hiyo. Wako pia walioteleza. Nao ni lazima watajwe, ili sifa ya wale wa kwanza ibaki kweli. Katika 1441 hata kumbukumbu ya mauaji yale ilipata msiba wake. Tarehe 7 Aprili 2020, mwaka wa 26, hapakuwa na matembezi wala mkesha. Mjane aliyezoea kulia katikati ya maelfu alilia chumbani mbele ya redio.

Wakati wa kufungiwa, vibarua wa Kigali na waendesha pikipiki za abiria, ambao hula jioni walichochuma mchana, walikaa bila ya kuchuma chochote. Serikali iligawa chakula kwa nyumba zenye dhiki kuanzia mwisho wa Machi. Kisha usiku wa tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mvua iliporomosha milima ya Gakenke, Nyabihu na kwingineko, na watu zaidi ya 60 wakafa kabla ya alfajiri. Huko Beirut na Australia mtu wa Biryogo hana mkono wa kufika. Gakenke anafika kwa basi, na kwa jirani yake aliyezima jiko siku ya pili anafika kwa miguu. Lakini ni wengi walioweza kutaja idadi ya wafu wa Italia kwa siku hiyo, na wasijue ni nani aliyefuturu kwa maji matupu nyuma ya ukuta wao.

Huu ndio upande wa Mwaka wa Majivu unaosahauliwa. Mwaka wa 18 ulimkusanyia Omar misiba miwili, njaa Bara Arabu na tauni Sham. Ya tauni hakuwa na la kuifanya ila kutoipelekea watu zaidi. Ya njaa aliitia mkono mpaka bega. Inasimuliwa kuwa aliacha samli na nyama mpaka watu wapate, hata rangi yake ikabadilika. Akawaandikia magavana wake walete chakula. Na wa kwanza kuitika alikuwa Abu Ubayda, yuleyule aliyebishana naye Sargh, aliyeleta kutoka Sham ngamia 4,000 wenye mizigo. Hakukaa Madina. Aligawa, akarudi kwa askari wake. Tauni ya Amwas ilipopamba moto, Omar alimwandikia aje kwake, akitaka kumwokoa kwa hila. Abu Ubayda alifahamu makusudio ya barua, akaomba radhi, akabaki pamoja na watu wake, akafa. Akafuata Muadh bin Jabal. Mwisho Amri bin Aas aliwatawanya watu milimani, wakakaa mbalimbali, na maradhi yakakoma.

Basi wako watatu katika mwaka mmoja: mmoja alirudi, mmoja alibaki, mmoja alitawanya. Hapana hata mmoja aliyelaumiwa na wanavyuoni, kwa kuwa kila mmoja aliifanyia khabari iliyomfikia kazi iliyokuwa katika uwezo wake.

Katika Rwanda nyumba za ibada zilianza kufunguliwa tena katikati ya Julai 2020, kwa masharti ya barakoa, kunawa mikono na kukaa mbalimbali. Mwezi wa Muharram 1442 uliandama na maradhi yangaliko. Chanjo za mpango wa mataifa ziliwasili Kigali mwanzo wa Machi 2021, katika mwezi wa Rajabu. Na siku ya Ijumaa tarehe 5 Mei 2023, Shawwal 1444, Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kuwa hali ya hatari ya korona imekwisha. Ndiyo khabari iliyongojewa miaka mitatu na zaidi, na katika wilaya za magharibi ya nchi ni wachache walioisikia. Siku tatu kabla yake mvua ya usiku ilikuwa imeua watu zaidi ya 130, na watu wa Rubavu, Rutsiro, Karongi na Ngororero walikuwa matopeni na majembe, wakitafuta maiti wao.