Usukani Ukianza Kucheza

Msikilizaji, usukani ukicheza mkononi au matairi ya mbele yakilika upande mmoja, kagua tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani. Egesha gari pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye matairi ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha likalishe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ndiyo kabisa usiyaamini: hupasuka bila taarifa.

Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likigonga, tazama kiungo cha tairodi. Raba iliyochanika huingiza vumbi na maji, grisi ikaisha. Likicheza ukilishika juu na chini, shuku boli jointi au beringi.

Ikiwa ni ya kubadilishwa, kabla ya kufungua tairodi endi, legeza nati ya kufungia, halafu hesabu mizunguko ya tairodi endi inapotoka. Mpya ifunge kwa mizunguko ileile. Pini ya zamani inayoshikilia nati ya tairodi endi itupe, weka mpya. Bei yake ni ndogo mno kuibania.

Hata ukihesabu vizuri, hayo ni makadirio tu. Endesha polepole moja kwa moja hadi kwa fundi mwenye mashine ya alaimenti ya magurudumu.