Petroli ina ubao wa bei, kupima damu je?

Vijana wenzangu, wa kijiweni, wa gereji, wa sokoni, na nyie wa maofisini mnaochungulia gazeti la mwenzenu, leo tuongee habari ya pesa zetu na miili yetu. Vigogo sitawasema sana, wameshazoea.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo ya mafuta. Kituo cha mafuta kisichoweka bango la bei mahali panapoonekana kinatenda kosa. Wewe wa bodaboda unaisoma bei ukiwa bado barabarani, ukiona haikufai unapita zako. Daladala nayo ina nauli yake iliyopangwa, konda akizidisha hata shilingi mia, gari zima linamjia juu. Sasa niambie, mara ya mwisho ulipokwenda kupima malaria, bango la bei ulilionea wapi?

Kule kwenye dirisha la malipo amekaa binti na kompyuta yake. Bei zote zimo humo, kipimo kwa kipimo. Lakini kioo cha kompyuta kinamtazama yeye, wewe kinakupa mgongo. Unatajiwa jumla tu, tena wakati huo homa imekupanda na hata jina lako unalisema kwa taabu. Ni kama yule fundi anayekwambia, "Bosi, acha gari, tutaelewana." Tofauti ni kwamba gari unaweza kulivuta ukaondoka nalo.

Zipo hospitali za serikali zilizobandika karatasi ya bei ukutani, tuwape haki yao. Lakini karatasi yenyewe mara nyingi iko nyuma ya mlango na maandishi yamefifia kama risiti ya mwaka juzi.

Wazee wetu waliitibiwa serikalini bure. Hospitali za kibiashara zilipigwa marufuku mwaka 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, mgonjwa akaanza kuingiza mkono mfukoni. Kisha mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali: asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa mtumishi, nusu mwajiri. Huo ulikuwa utawala wa hayati Mkapa, mwenyewe na kaulimbiu yake ya "Ukweli na Uwazi". Uwazi ulifika mahali pengi, lakini pale dirishani nadhani ulikuta foleni.

Najua mwenye kadi ya bima anasema, "Hayo hayanihusu, mimi silipi." Ndugu yangu, unalipa, ila unalipa kwa kuzunguka. Mimi nilikwenda na homa katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini, nikiwa na kadi. Baada ya vipimo nikaletewa fomu nisaini kwamba nimehudumiwa. Sehemu ya bei ilikuwa haijaandikwa kitu. Nikauliza, nikaambiwa, "Wewe saini, hiyo ni kati yetu na bima." Nikafika dirisha la dawa, nikaambiwa dawa moja haimo kwenye kitita, nikanunue nje. Huyo ndiye mimi mwenye bima: nasaini nisichokijua, halafu natoa taslimu kwa nilichodhani nimeshalipia.

Karatasi ile ikiandikwa vipimo vitano wakati nilipimwa viwili, nani atagundua? Shahidi pekee ni mgonjwa, naye kafungwa macho. Halafu mfuko ukielemewa tunaambiwa wanachama wanatumia mno!

Mnakumbuka Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa Sh. 50,400/= kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2023 ikasimamishwa, maelezo yakiwa kwamba wengi walioandikishwa ni watoto ambao tayari ni wagonjwa. Kwa hesabu ya bima hilo ni kweli, maana mzima ndiye anayembeba mgonjwa. Lakini mzima atajiunga vipi kama hajui kadi inanunua nini na kinachonunuliwa kina bei gani? Mmachinga hanunui gunia bila kulifungua.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 2024, NHIF wakaanza kutumia kitita kipya cha mafao. Hospitali binafsi kupitia chama chao, APHFTA, zikasema bei walizopangiwa hazirudishi gharama, na nyingi zikakataa kadi. Baada ya mazungumzo na serikali huduma zikarudi. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema hivi: wakubwa wawili walikuwa wanabishana bei ya matibabu yangu, na mimi nikaijua habari hiyo kadi iliporudishwa mkononi.

Madaktari wana hoja moja ambayo si ya kupuuza. Ugonjwa si petroli, wanasema, mtu anaingia na tumbo anatoka na upasuaji, hiyo bei utaiandika wapi? Sawa. Upasuaji wenye matatizo siudai ubaoni. Lakini ada ya kumwona daktari, kipimo cha malaria, cha mkojo, picha ya mfupa, kitanda kwa usiku mmoja, hivyo vina bei iliyokwisha kupangwa kabla sijaugua. Viandikwe kwa safu mbili, bei ya taslimu na bei inayolipwa na bima, tuone kama zinafanana.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima. Kama kulipa ni lazima, bango nalo liwe lazima. Muulize mbunge wako hilo akija kuomba kura, badala ya kumuuliza fulana.

Na wiki hii ukipita hospitali, hata kumsindikiza mtu tu, uliza bei ya kipimo cha malaria kabla ya kutoa kidole. Omba risiti inayotaja kitu kimoja kimoja. Funika jina na ugonjwa, tuletee nakala hapa gazetini. Tutazipanga ukurasa mzima, mtaa kwa mtaa.