Sahani Haishindani na Dripu

Msikilizaji, mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuvimba utumbo, uwe wa Crohn au wa vidonda vya utumbo mpana, huvutwa huku na huku. Daktari anamwandikia dawa, chakula hakigusii kabisa. Jirani naye anamwambia aachane na vidonge, ale vya asili. Kwa maoni yangu, wote wawili wanamkatia tiba nusu.

Twende Akita, Japani. Mwaka 2017 daktari Mitsuro Chiba na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 46 wa Crohn, watu wazima na watoto. Walitundikiwa dripu za dawa iitwayo infliximab, na mezani wakawekewa wali wa mchele usiokobolewa, mboga, matunda na supu ya soya. Samaki mara moja kwa wiki, nyama mara moja kwa wiki mbili. Kufika wiki ya 6, kwa wagonjwa 44 ugonjwa ulikuwa umetulia. Atakayekuambia kwamba hapo majani ndiyo yaliyoponya, ameiruka dripu. Lakini hata dripu haiwezi kujitwalia sifa yote, maana hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Basi mwenye shaka atauliza, tutajuaje kama chakula kina kazi yoyote? Jibu liko kwa watoto. Miongozo ya Ulaya inapendekeza watoto wengi wenye Crohn waanzishiwe maziwa maalumu ya lishe peke yake, wiki 6 hadi 8, bila kuonja kingine. Wengi hupata nafuu bila dawa za steroidi. Katika utafiti wa Arie Levine na wenzake wa mwaka 2019, watoto waliorudia mlo wa kawaida baada ya maziwa hayo walianza kuumwa tena zaidi kuliko wenzao walioendelea na vyakula vilivyochaguliwa.

Kama ni hivyo, dawa ya nini tena? Ni kwa sababu tumbo linaweza kunyamaza huku vidonda vikiendelea kuchimba ndani, utumbo ukaingia makovu, ukabana, mwishowe kisu. Na kwa mwenye utumbo uliokwisha kubana, mapande ya machungwa na mboga zenye nyuzi anazosifiwa yanaweza kuziba njia.

Kwa hiyo, usikatishe dozi kwa kuwa umepata nafuu. Mwombe daktari akukutanishe na mtaalamu wa lishe kabla hujabadili mlo, na umtajie kila dawa ya mitishamba unayokunywa.