Injinia wa Hadado na Fani ya Pili

Kiangazi kikikaza magharibi mwa Wajir, visima vya Hadado havilali. Jenereta hunguruma mchana na usiku, ngamia wakingoja zamu kwenye mabirika na punda wakibebeshwa madumu. Pampu yenyewe haionekani. Imezamishwa ndani, na katika sehemu hizi za Kaskazini Mashariki si ajabu kisima kupita mita 100 kwenda chini. Siku pampu inapokufa, mafundi husimamisha nguzo tatu juu ya mdomo wa kisima, wakafunga mnyororo na kulivuta bomba la chuma kipande kwa kipande hadi pampu itoke. Aghalabu bomba hilo hutoka limeliwa na chumvi ya maji.

Kujua mota imeungua wapi ni kazi ya injinia, na chuo kimemfundisha. Lakini mota haiungui bure. Imeungua kwa sababu ilifanyishwa kazi saa 24, kwa sababu mifugo ilihamia pale kutoka visima vingine vilivyokwama, kwa sababu ada ambayo kamati ya maji hutoza kwa kila ngamia iliishia yote kwenye dizeli, pasibaki hata shilingi ya matengenezo. Hapo injinia anahitaji uhasibu, jiolojia ya maji na subira ya kukaa na wazee chini ya mti. Shahada ya miaka mitano huyagusa mambo hayo kwa somo moja moja, mara nyingi mwaka wa mwisho, wakati mawazo ya wanafunzi yako kwenye mradi na kutafuta kazi.

Mhadhara huu unatetea jambo moja: mwanafunzi wa uhandisi asomee fani ndogo kando ya shahada yake, na fani hiyo ichaguliwe kwa kuangalia kinachokwamisha kazi huko anakokwenda kuifanya. Duniani si jambo geni. Katika chuo cha MIT, Marekani, fani ndogo huwa na masomo matano hadi saba, na mwanafunzi wa mitambo anaweza kuhitimu akiwa pia amesoma uchumi au historia. Nchini Kenya, anayeingia uhandisi hupewa ratiba iliyokwisha kupangwa hadi mwaka wa tano, na nafasi ya kuchagua ni finyu.

Gharama ya kutojua fani ya pili ilionekana kwa jirani, Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa imesimikwa kufikia 2017, ila umeme haukuwa na pa kupita. Laini ya kuupeleka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikwama kwa kufilisika kwa mkandarasi na kwa mizozo ya fidia ya ardhi inapopita, ikakamilika 2018. Kisha Oktoba 2021, mahakama ya ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilitolewa kinyume cha sheria. Hakuna hesabu ya upepo iliyokosewa pale. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inahusu sehemu kubwa ya ardhi ya Wajir, Garissa na Mandera, na injinia anayepima njia ya bomba au nguzo za umeme bila kuijua anapima kesi ya baadaye.

Vyeti ni habari nyingine, na hapa inafaa kuwa mkali kidogo. Wanafunzi wengi hukusanya vyeti vya semina za siku mbili, wakavipanga kwenye wasifu wao kama medali za jenerali aliyestaafu. Mwajiri havisomi. Cheti chenye uzito ni kile kinachomfungulia mtu mlango wa leseni. Mfano ni sola: tangu kanuni za 2012, fundi wa kufunga mitambo ya sola Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya daraja la T1, T2 au T3, na T3 ndiyo ya mitambo mikubwa. Shahada ya umeme pekee haimpi mtu leseni hiyo. Katika eneo lenye kituo cha sola cha Garissa cha takriban megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, na ambako pampu za dizeli zinabadilishwa kuwa za jua, mafunzo hayo yangepaswa kuwa ndani ya shahada.

Vyuo vitasema saa hazitoshi, tena vinaogopa kugusa silabasi. Woga huo una sababu. Wahitimu wa uhandisi, wa Egerton wakiwemo, walikataliwa usajili na bodi ya wahandisi kwa kuwa haikuitambua programu waliyosoma, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu. Ndiyo maana fani ndogo isipunguze hata saa moja ya masomo ya msingi. Itafutiwe nafasi kwenye masomo ya hiari na kwenye likizo ndefu. Mwanafunzi wa Hadado anayesomea Juja au Eldoret hurudi nyumbani likizo hiyo, na Garissa kuna chuo kikuu kilichopata hati yake 2017, pamoja na chuo cha taifa cha ufundi. Masomo mawili ya uhasibu na sheria ya ardhi yangeweza kufundishwa hapo, alama zikahamishiwa chuo chake.

Mafunzo ya nyanjani nayo mara nyingi huangukia kati ya Mei na Agosti, na miezi yake ya mwisho huingia ndani ya hagaa, kiangazi ambapo visima huelemewa. Mwanafunzi akikaa kisimani miezi hiyo, ripoti yake iwe na sehemu mbili: rekodi ya pampu, yaani saa ilizofanya kazi, kina cha maji na lita za dizeli, na daftari la kamati, yaani kilichokusanywa na kilichotumika. Sehemu ya kwanza isahihishwe na mhadhiri wa uhandisi, ya pili na wa biashara, na nakala ibaki kwa kamati. Linalohitaji kukubaliwa mapema baina ya vyuo na kaunti ni nauli na posho, kwa maana mwanafunzi asiye na vyote viwili ataomba nafasi Nairobi.