Kila Mtoto Asikike Akisoma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa darasa la kwanza, wazazi na wajumbe wa kamati za shule. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



Sisi tunaosema nanyi tulisomea ualimu chuoni, na sasa kazi yetu ni kuzunguka katika matawi kukumbushana wajibu wetu. Leo hatukuja kuuza kadi wala kuomba mchango. Tumekuja kusema habari ya mtoto wa darasa la kwanza na kitabu chake.

Wazee wetu walitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika vita vya kumpiga adui ujinga taifa hili halikulala. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakufika nusu milioni. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwaka 1974, huko Musoma, ikaamuliwa kwamba kila mtoto aingie shule, na ilipofika 1977 jambo hilo likawa la nchi nzima. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, wengine kwa redio. Wazazi walifyatua matofali. Wazee nao walikaa chini ya miembe na kalamu mkononi, hata ilipofika 1986 watu wazima wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya kumi katika kila mia. Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Kila mara mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi.

Hayo ni matendo ya kujivunia. Lakini, ndugu zetu, kumwingiza mtoto darasani ni jambo moja, na kumfundisha kusoma ni jambo la pili. Mtoto anaweza kuvaa sare, akaitwa jina kila asubuhi akaitika, akapanda darasa la pili na la tatu, na asijue kusoma sentensi moja. Watoto wa namna hiyo wapo. Si watoto wa mbali. Ni wetu, na wengine wamekaa kwenye madawati ya shule iliyo karibu na mkutano huu.

Wanajifichaje? Wanajificha ndani ya sauti ya wengi. Mwalimu anaandika ubaoni, ananyoosha fimbo yake, anasema, "Baba analima shamba." Darasa zima linaitikia, "Baba analima shamba!" Mpita njia husimama dirishani akafurahi, akasema watoto hawa wanasoma. Hasha! Labda kumi wanasoma. Waliobaki wanaimba. Mtoto mwenye masikio mazuri aweza kukariri ukurasa mzima kwa kuwafuata wenzake, na akapewa sifa. Mpe neno lile lile peke yake, bila picha na bila wenzake, atakutazama usoni akingoja umwambie.

Hatusemi kuitikia pamoja kuachwe. Kuitikia huchangamsha watoto na humpa nguvu mwenye haya. Twasema kuitikia si kipimo. Kipimo ni kimoja tu: mtoto asimame peke yake, asome maneno ambayo hakuyakariri, na mtu mzima amsikilize. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote tutakayosema baadaye yatoka hapo.

Kwanza tuseme juu ya kusoma kwenyewe. Sisi tuna bahati kubwa, maana lugha yetu huandikwa kama isemwavyo. Mtoto wa Uingereza hukuta herufi moja ina sauti nyingi, na maneno mengi ambayo hana budi kuyashika kwa kichwa. Mtoto wetu ana irabu tano, a, e, i, o, u, na sauti yake kila moja haibadiliki. Akijua sauti ya m, akaiunga na hizo tano, amepata ma, me, mi, mo, mu. Akiongeza k, ana kama, kima, mkeka. Kwa herufi chache anaanza kusoma maneno ya nyumbani kwao. Nchi yenye lugha kama hii haina sababu ya kuwa na mtoto mwenye akili timamu aliyemaliza mwaka mzima bila kusoma.

Lakini yafaa tufundishe sauti, si majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa kuita herufi "em" na "ka" hupata taabu kuunga. Anaona m na a, anasema "em-a", wala haoni "ma" imetoka wapi. Mtaala wa mwaka 2015, uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili, ulisisitiza njia ya sauti, na ni njia ya haki. Sauti kwanza, kisha silabi, kisha neno, kisha sentensi yenye maana. Wala tusikae kwenye silabi miezi na miezi. Mtoto akipata silabi nne asome neno siku hiyo hiyo, aone kwamba kusoma ni kupata habari, si kupiga kelele ya ba be bi bo bu.

Yako mahali ambapo watoto hujikwaa, na mwalimu ayajue mapema. Neno "mtu" ni silabi mbili, m na tu, ingawa m haina irabu. Neno "ng'ombe" lina sauti moja mwanzoni iliyoandikwa kwa alama tatu. Kuna nyumba, mbwa, kwetu, mwanga, chungwa, shamba. Sauti hizi zifundishwe moja moja, kila moja siku yake. Tena baadhi ya lugha zetu za makabila hazitofautishi r na l, basi mtoto akisoma "kula" mahali pa "kura" asichekwe. Mwalimu ampe maneno yote mawili, ayasikie, ayaseme, ayatie katika sentensi. Na mtoto aliyekuja shuleni akijua Kigogo, Kisukuma au Kimasai tu, aanze kwa kuzungumza. Mpe jiwe mkononi aseme jiwe, mpe jani aseme jani. Hakuna mtu asomaye kwa ufahamu neno ambalo hajapata kulisikia.

Sasa tuje kwenye swali ambalo walimu mmekuwa mkilingoja: "Ndugu, hayo ni mazuri, lakini mimi nina watoto tisini." Twajua. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na yako madarasa mengi ya kwanza yanayozidi mara mbili ya hiyo. Kudai walimu na madarasa ni haki yetu, na hatutaacha kudai. Lakini mtoto wa mwaka huu hawezi kungoja mwalimu wa mwaka ujao. Kwa hiyo na tufanye hesabu.

Kipindi ni nusu saa. Mwalimu akisikiliza watoto sita kila siku, kila mmoja dakika mbili, atatumia dakika kumi na mbili. Kwa siku tano amesikiliza watoto thelathini. Kwa wiki tatu amemsikiliza kila mtoto katika tisini, peke yake, bila mwenzake kumnong'oneza. Awe na daftari la majina, atie alama: huyu anasoma, huyu anaunga silabi kwa shida, huyu bado hajajua sauti. Wale wa alama ya tatu wasingoje wiki tatu. Awaite kila baada ya siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, wale themanini na wanne watafanya nini wakati huo? Hapo ndipo utawala wa darasa unapohitajika. Ligawe darasa zima katika makundi tisa, kumi kumi, na kila kundi liwe na kiongozi. Uongozi huo uzunguke kila wiki, ili asipatikane mtemi mdogo darasani. Makundi mengine yasome wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwa kidole. Mengine yapange kadi za silabi kuunda maneno. Kadi hazihitaji fedha: boksi la sabuni na kalenda ya mwaka jana zatosha. Mengine yatoke nje kivulini yaandike mchangani kwa kijiti, mwalimu akiyaona kupitia mlangoni. Mchanga hauishi kama daftari, wala kosa lililofutika mchangani halimwaibishi mtoto.

Utaratibu huo haujiwi kwa siku moja. Wiki mbili za kwanza za mwaka mwalimu afundishe mwenendo kabla ya kitabu: namna ya kuingia, ya kukaa, ya kugawa vitabu, ya kuomba kwenda msalani bila kuvuruga wenzake. Awe na ishara moja, mathalan makofi matatu, ambayo kila mtoto akiisikia hunyamaza. Kanuni ziwe chache na zisibadilike. Mwalimu anayepaza sauti asubuhi nzima huwazoeza watoto kelele, na ifikapo saa sita koo lake limekauka na kazi haijafanyika.

Tena tutazame madawati. Mara nyingi wenye akili nyepesi hukaa mbele na wazito hujazana nyuma, na huko nyuma husahauliwa. Kila Jumatatu mstari wa nyuma uje mbele. Asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri akae mbele siku zote, na mzazi wake aitwe kuambiwa, maana wako watoto walioitwa wajinga kumbe macho yao ndiyo yaliyokuwa na shida.

Juu ya fimbo tutasema wazi. Fimbo ya kuonyeshea maneno ubaoni ni chombo cha kazi. Fimbo ya kumpiga mtoto wa miaka sita au saba kwa sababu ameshindwa kusoma neno ni adui wa kusoma. Mtoto mwenye hofu haunganishi sauti. Anatazama mkono wa mwalimu. Akipigwa leo kwa neno "nyumba", kesho hatajitokeza kusoma, na wewe mwalimu hutapata tena kujua anachojua na asichokijua. Nidhamu tunaitaka, tena kwa nguvu zote, lakini itoke katika utaratibu na katika kazi.

Kwenu walimu wakuu tuna neno moja. Imezoeleka katika shule kadhaa kumpa darasa la kwanza mwalimu mgeni kabisa, au yule asiyetakiwa kwingine, na mwalimu hodari kuwekwa darasa la mtihani. Huko ni kujenga nyumba kuanzia paa. Mtihani wa darasa la juu hushindwa huku chini, katika mwaka ambao hakuna aliyekuwa akiangalia. Mpeni darasa la kwanza mwalimu aliye bora kuliko wote, mpunguzieni kazi nyingine, na mumheshimu.

Nanyi wazazi, msiseme kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu peke yake. Kila jioni, kabla ya chakula au baada yake, mwiteni mtoto asome kwa dakika tano. Asome peke yake. Funikeni picha kwa mkono, mwonyesheni neno la katikati ya ukurasa, kisha la mwisho, ili mjue kama anasoma au anakariri. Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kusaidia: amwulize mtoto, "Habari hiyo uliyosoma inasema nini?" Akiweza kuisimulia, vyema. Akibabaika, nendeni shuleni wiki hiyo hiyo mkamwulize mwalimu kwa heshima. Kama kitabu hakuna nyumbani, mtoto asome maandishi ya mfuko wa unga, jina la duka, au gazeti hili.

Ninyi wajumbe wa kamati za shule, katika mikutano yenu huuliza juu ya choo, paa na chakula cha mchana. Ulizeni, maana mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini ongezeni swali moja: "Katika darasa la kwanza, ni wangapi waliosikilizwa wakisoma peke yao mwezi huu, na ni wangapi bado?" Jibu litoke katika daftari la mwalimu, kwa majina. Si kumtafuta mwenye hatia. Ni kuwajua watoto wenyewe, ili wasaidiwe kabla mwaka haujaisha.

Ndugu zetu, asiyejua kusoma husomewa. Husomewa barua yake, na siri yake ikajulikana. Husomewa hati ya shamba lake, akatia dole gumba mahali asipopajua. Husomewa majina siku ya kupiga kura, akamtegemea jirani. Watu wa namna hiyo wana uhuru wa nchi, lakini uhuru wao wenyewe umo mikononi mwa msomaji. Tusikubali kumlea mtoto mmoja katika hali hiyo huku shule ipo, mwalimu yupo, na lugha yetu ni nyepesi kusomeka.

Basi kesho asubuhi mwalimu aanze na watoto sita. Jioni kila mzazi aanze na mmoja.